Masereka Hakufika Mazishini

Asubuhi niliyoondoka Bwera sikumuaga mtu wala sikujua naenda wapi. Nilikunywa chai karibu na maegesho ya malori, nikaona lori la chumvi lililokwisha kushusha mzigo, dereva anakunja turubai.

"Unaelekea wapi, kaka?" nikamwuliza.

"Ninakotoka," akasema.

Jibu hilo lilinitosha. Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya magunia matupu, na Bwera, mji wa mpakani, ikaanza kuniacha: wabadilisha pesa wakipanga viti vyao, boda boda zikimgombania abiria mmoja aliyetaka kwenda zake kwa miguu. Nilikuwa nimeuza katuni katika mji ule kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote. Hakuna aliyenifukuza. Kazi yenyewe ndiyo iliyoniishia mikononi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaochora mashujaa kwenye simu, halafu mnalalamika kwamba watoto wetu wanawapenda wa Marekani tu. Mnaniuliza kwa nini. Wengine mmeshajijibu: rangi zao nzuri, karatasi zao laini, fedha zao nyingi. Yote hayo ni kweli, na nitayagusa. Lakini mimi nilikaa sokoni na turubai langu, nikiwatazama watu wanavyoshika kitabu na wanavyokirudisha, na jibu nililoliona si hilo peke yake.

Mimi shule niliiacha mapema. Baba yangu alitoka Kenya kuja Kasese kufanya kazi ya saruji, akataka niwe fundi wa mitambo. Mimi nilitaka kujua kila barabara inaishia wapi. Nimepakia mawe, nimepika chapati, nimelinda mbuzi wa watu Rukoki. Katuni nilizikuta kwa bahati, kwa mfanyabiashara mmoja tuliyemwita Hajji, aliyeleta marobota ya vitabu vikuukuu kutoka ng'ambo. Robota likifunguliwa, vitabu vya shule vilikwenda kwa walimu, Biblia zilikwenda kwa wachungaji, na chini kabisa zilibaki katuni za watu wenye majoho wanaoruka juu ya maghorofa. Hajji hakujua azifanye nini.

"Chukua hii takataka yako, Wafula," aliniambia. "Mutu muzima anavaa chupi juu ya suruali. Mimi sitauza hiyo, nina wajukuu."

Kwa hiyo jueni kwanza hili: katuni ya Marekani ilipofika kwetu haikuwa bidhaa. Ilikuwa kijazio cha robota. Ilipimwa kwa mizani kama maharage. Aliyeichora alikwisha kulipwa zamani, kwao, na mimi niliiuza kwa bei ya karanga. Mchoraji wa hapa atashindanaje na kitu ambacho kimeshalipiwa?

Kazi yenyewe ilikuwa na ufundi wake. Kitabu kilichopata unyevu hakianikwi juani. Jua hula rangi na kuukunja ukurasa kama sambusa. Unakianika kivulini, halafu unakilaza chini ya gunia la maharage. Usiwaache watoto wafungue kwa kidole kilichotoka kulamba muwa. Na kitabu kisichokuwa na jalada hakiuziki hata kama ndani kimekamilika, kwa sababu mtoto hununua jalada, hadithi ni nyongeza. Nilikuwa navishonea majalada ya karatasi ya mifuko ya saruji, ambayo Kasese haijawahi kukosa. Karatasi ile ni ngumu, haichaniki, ila ni ya kahawia na ina huzuni. Ikahitaji mchoraji.

Ndivyo nilivyompata Biira.

Biira alikuwa mchora mabango wa Bwera. Maandishi ya saluni, picha ya ng'ombe kwenye bucha, onyo la kutotema mate pale hospitalini, yote yalikuwa mkono wake. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kule mpakani. Nilimpelekea vitabu vyangu visivyo na uso. Alivipekua ndani, akamtazama shujaa, akamchorea jalada. Ila alimchora alivyoona yeye inafaa. Joho aliliacha, lakini miguuni alimvika gambuti.

"Yaya, huyu anaruka angani," nikamwambia. "Gambuti za nini?"

"Na akitua?" akasema. "Wewe umepanda huko mulimani? Matope inafika hapa. Atatua na hivyo viatu ya disko?"

Watoto walicheka, wakanunua. Aliendelea hivyo mpaka siku moja akaniwekea brashi mezani. "Nimechoka kuvalisha batoto ya watu. Na mimi nitazaa wangu."

Akamzaa Masereka.

Masereka alikuwa kijana wa milima ya juu ya Bwera, na nguvu yake ilikuwa maji. Biira hakuchagua risasi wala kuruka. Alichagua kile ambacho kila mtu pale anakiogopa mvua inaponyesha mlimani na chini jua linawaka: mto unaokuja bila kubisha hodi. Masereka aliweza kulala katikati ya mto Lubiriha, akaukinga kwa mgongo wake, na maji yakasimama nyuma yake kama ng'ombe mbele ya lango.

Alinieleza mara nyingi alichotaka, na hakikuwa utajiri. "Mimi nataka nione mutoto moja tu," alisema, "moja, anacheza na benzake, na anasema, mimi niko Masereka." Aliwaona watoto kila siku wakijifunga kanga za mama zao shingoni na kuruka kutoka ukutani wakijiita majina ya kigeni ambayo hata hawakuweza kuyatamka. Aliumia kama mama ambaye wanawe wanamwita mwanamke mwingine.

Tulikwenda kuchapisha Kampala, nyeusi na nyeupe, maana rangi ilitushinda. Nikarudi, nikatandika turubai langu soko la Bwera, vya Marekani kushoto, vya Masereka kulia. Sasa sikilizeni kilichotokea.

Mzee mmoja akachukua cha Masereka, akasoma wima mpaka mwisho, akanitazama kwa mashaka. "Huyu iko mutoto ya nani?"

"Ni hadithi tu, mzee."

"Anaitwa Masereka. Basi iko mutoto ya tatu. Bakubwa yake beko wapi?"

Nyinyi wa mbali mjue kwamba kwa Wakonzo jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Ukisema Masereka, umeshasema kwamba mbele yake wametangulia wavulana wawili. Na mzee yule hakuwa peke yake. Wiki nzima watu waliniuliza hivyohivyo. Kwa nini mdogo aokoe mji, wakubwa wamekaa kimya? Wamekufa? Wamegombana? Kuna laana? Mwanamke mmoja mwuza mihogo alikataa kumnunulia mwanawe kwa sababu, alisema, nyumba hiyo ina jambo.

Wakati huohuo, upande wa kushoto wa turubai, yupo mtu asiye na baba wala mama, anaishi peke yake, usiku anaziba uso na kupigana na watu asiowajua. Hakuna aliyeuliza mtoto wa nani.

Nilipompelekea Biira habari hizi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawachora kaka wawili, Mumbere na Bwambale, akawapa kazi: mmoja mfuga nyuki, mwingine dereva. Toleo la pili likawa na kurasa nyingi za familia na chache za nguvu. Watu wazima wakalipenda. Watoto wakauliza, "Lini anapigana?"

Kasese lilinikuta jingine. Masereka alikuwa anaongea Kiswahili, maana Biira alitaka asomwe na Mkonzo, Mtooro, na sisi watoto wa saruji. Nikatandika karibu na kituo cha mabasi. Akaja bwana mmoja na mkoba wa ofisi, akafungua, akasoma pale Masereka anapowaambia watu, "Ondokeni hapa haraka, maji yanakuja."

"Huyu ni afande?" akauliza.

"Hapana, ssebo," nikamjibu kwa heshima, "ni shujaa."

"Sasa mbona anaongea Kiswahili? Ananipa amri." Akakirudisha taratibu, kama mtu anayeweka chini bunduki ya mwenzake.

Kwetu Uganda Kiswahili kiliingia kwa buti za askari, na wengi mpaka leo wanakisikia hivyo. Nilirudi Bwera nikamwambia Biira. Huko nako walishaanza kulalamika kwamba Kiswahili cha Masereka ni cha Kasese, hakina ladha. Tungemwandika kwa Kikonzo, Kasese ingetukataa nusu. Tungemwandika kwa Kiingereza, watoto wangesema ni kitabu cha darasani. Shujaa wa Marekani anaongea Kiingereza kigumu ambacho nusu ya wasomaji wangu hawakukielewa, na hilo halikumdhuru. Watoto waliangalia picha, wakatunga maneno wenyewe.

Na kabla mtoto hajajua kusoma, ameshavaa fulana ya yule wa Marekani. Begi lake la shule lina sura yake. Kandambili zake hivyohivyo. Masereka alikuwa na kitabu tu.

Hata hivyo tuliuza. Polepole, lakini tuliuza. Na siku moja jioni Biira alinijia mbio hadi kwenye turubai, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akanivuta mkono. Nyuma ya maduka palikuwa na mfereji wa maji machafu, na watoto wapo. Mmoja amelala ndani ya mfereji, mgongo ukikinga maji, uso umejaa tope, wengine wanapiga kelele, "Masereka, kaza! Kaza!" Mama yake alikuja na fimbo, akamtoa kwa sikio. Biira alisimama pale akifuta macho kwa kitambaa chenye rangi ya bango, akajipaka bluu shavuni bila kujua. Sikumwambia. Nilitaka abaki nayo.

Halafu mto ulikuja kweli.

Sitaeleza sana. Mvua ilinyesha juu, Lubiriha ikashuka na mawe na miti, ikachukua nyumba za bondeni na watu waliokuwemo. Wengine tuliwapata, wengine hatukuwapata. Siku zilizofuata hapakuwa na soko, palikuwa na mazishi. Unatoka kwa huyu unaingia kwa yule, jembe begani. Kwenye vilima vile kila kijiji kina kikundi cha machela: wanaume wanaombeba mgonjwa kumshusha hospitali, na hospitali ikishindwa, ndio hao hao wanaombeba kumrudisha. Mtu asiyefika kubeba, asiyefika kuchimba, hagombezwi. Lakini siku yake ikifika atabeba mwenyewe.

Soko lilipofunguka tena nikatandika, kushoto na kulia kama kawaida. Vya Marekani vilichukuliwa. Vya Masereka havikuguswa. Hakuna aliyenitukana. Watu walipita, wakavitazama, wakatazama kando, kama unavyompita jirani mliyekosana naye kanisani. Nilifikiri ni umaskini wa baada ya mafuriko. Mpaka alipokuja Mama Muhindo.

Mama huyu aliuza nyanya hatua chache kutoka kwangu. Muhindo wake, binti mkubwa aliyekuwa anajifunza ushonaji, alikwenda na maji. Walimpata siku ya tatu, chini sana. Mama alikaa kwenye turubai langu, akachukua toleo lile la kwanza, akafungua mahali Masereka amelala mtoni.

"Muhindo alikuwa anapenda hii," akasema. "Alinisomea."

"Pole sana, mama."

"Mimi sijakasirika, Wafula. Nauliza tu. Siku hiyo huyu alikuwa wapi?"

Nikaanza kupanga vitabu ambavyo vilikwisha kupangwa.

"Sawa. Mutu anaweza kuwa mbali. Mutu anaweza kugonjwa. Lakini hata kwa maziko hakufika."

Akakirudisha kitabu mahali pake, akakinyoosha, akarudi kwenye nyanya zake.

Vijana, jibu langu liko hapo. Yule wa Marekani alikuwa wapi siku hiyo? Hakuna aliyeuliza, wala hakuna atakayeuliza. Yeye ni wa mji usiojulikana, anaokoa watu wasiojulikana, na hakuna mtu wa Bwera anayemngoja. Wetu tulimpa jina, tukampa kaka, tukampa mlima na mto ambao kila mtu anauvuka akienda sokoni. Tulimfanya jirani. Na jirani ana deni ambalo mgeni hana: lazima aonekane kwenye msiba.

Nilimpelekea Biira maneno ya Mama Muhindo. Sikuyapunguza, na mara nyingi nimejiuliza kama ningeyapunguza ingekuwaje. Hakulia. Alikwangua rangi kavu chini ya kucha.

"Iko na haki," akasema mwishowe. "Masereka lazima aende kwa hiyo nyumba."

"Yaya, Masereka ni wino."

"Mimi najua ni wino. Wewe ndiyo hujui."

Toleo la tatu alilichora akiwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuipokea. Ndani yake hakuna pigano hata moja. Masereka anafika akiwa amechelewa. Haelezi alikokuwa. Anavua gambuti mlangoni, anaingia nyumba baada ya nyumba, anakaa chini na wanaume, anasikiliza. Kaka zake wamemtangulia, na Mumbere anamwambia tu, "Shika upande huu." Kurasa zinazofuata anabeba machela, kilima baada ya kilima, na kila ukurasa Biira amemchora mdogo zaidi kati ya wabebaji, mpaka mwishoni huwezi kumtambua ni yupi. Hazuii maji. Mgongo ule ule sasa unabeba.

Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviweka juu ya turubai, na nimeweka vingi.

Mama Muhindo alikisoma akiwa amesimama. Alikifunga, akakiingiza kwenye blauzi yake, upande wa moyo, mahali anapoweka pesa. "Mwambie Biira huyu amefika," akasema. "Mwambie tumemwona." Na siku zile wazazi wengi waliofiwa walikuja kukichukua kimyakimya, wakaenda nacho nyumbani.

Watoto walikipekua kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu kutoka mwisho hadi mwanzo. "Hakuna kitu inafanyika," wakasema. Wakasogea kushoto.

Masereka alisamehewa. Lakini aliposamehewa akawa mtu kama mimi na wewe, na mtu kama mimi na wewe hauzi kitabu.

Jumapili moja tulipita mimi na Biira njia ya mfereji. Watoto walikuwa wamefunga vijiti viwili kwa kamba za migomba, wamemlaza mwenzao juu yake, wanambeba wakipokezana. Hii ilikuwa hadithi ya toleo la tatu, bila shaka yoyote. Biira akasimama. Aliuliza polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, "Nani kati yenu iko Masereka?"

Wakatazamana. Mkubwa wao akajibu, "Hapana, mama. Hapa tunabeba tu."

Aliwashukuru. Tulitembea mpaka kwake. Mlangoni akaniambia, "Iko vizuri, Wafula. Kweli iko vizuri." Lakini sura yake ilikuwa ya mtu aliyerudi kutoka kuzika.

Hakuchora tena. Mabango, ndiyo, kidogo. Dada yake aliyeolewa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, Kongo, alikuwa na watoto na ugonjwa, akamwita, naye akaenda. Siku ya kuvuka alinipa furushi la nakala zilizobaki za toleo la tatu.

"Wape wauza karanga, bafungie," akasema.

"Sitawapa."

"Basi tembea nazo. Wewe si unapenda kutembea?"

Baada ya hapo vita vya upande ule vilichacha, habari zikawa za kupishana. Wapo walioniambia wamemwona Beni, wapo walioniambia hayupo tena. Nilijaribu kuendelea na turubai, upande wa kushoto peke yake. Sikuweza. Kila nilipomwuzia mtoto mtu wa kuruka, nilikuwa natazama kulia.

Ndiyo maana nikapanda lori lile.

Dereva alinishusha Kabatoro mchana, pale wanapopima chumvi. Sikuwa nimewahi kufika. Upepo wa ziwani ulikuwa na harufu ya yai, na watu walitembea na miguu iliyopauka hadi magotini. Niliuliza chumba, nikaelekezwa kwa Mama Zaina, mjane mwenye karo yake ya chumvi, yaani kidimbwi cha kuvunia ziwani, na vyumba vitatu vya udongo nyuma ya nyumba. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye furushi.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Nilikuwa nauza vitabu."

"Hapa watu nasoma simu." Akafungua mlango. "Chumba iko hii. Ukuta inamwaga vumbi, utaamka na mchanga kwa macho. Wapangaji yote nabandika magazeti. Uko na magazeti?"

Nikatazama furushi.

Alinipikia uji wa muhogo mzito, ndio gundi ya huko, akaniachia na brashi ya majani. Nikafungua nakala ya kwanza, nikatenganisha kurasa, nikagundua jambo ambalo muuza vitabu angepaswa kulijua zamani: ukurasa una pande mbili, na ukutani upande mmoja hufa. Ukitaka hadithi nzima ionekane unahitaji nakala mbili. Nakala hazikuwa tatizo langu. Nikaanza mlangoni, nikaenda kwa mpangilio, nikizunguka chumba, Masereka akivua gambuti juu ya dirisha, akibeba juu ya kitanda. Sikuwa nimewahi kuiona yote kwa pamoja. Nilikaa chini mara kadhaa.

Mama Zaina aliporudi kuchukua sufuria alisimama mlangoni. Kisha akaingia, akaufuata ukuta kidogo kidogo, mikono nyuma, akisoma kwa midomo. Alipofika pale wabebaji wanapopotea kilimani, kona ya mwisho, alisubiri kidogo.

"Halafu inakuwa nini?"

"Hakuna halafu, mama. Aliyechora aliacha hapo."

Nilikuwa nimeshapaka uji kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, kati ya ukurasa wa mwisho na mlango, na mkononi nilikuwa na gazeti kuukuu la kumalizia. Mama Zaina alilichukua gazeti mkononi mwangu, akalikunja.

"Hapo usibandike," akasema. "Wacha ikae wazi."

Akabeba sufuria yake, akatoka.